Unajuaje? Kutoka Mikokoni Hadi Meza ya Tuisheni

Mzazi anayenitafuta nimfundishe mwanawe biolojia huanza kwa kuniuliza nimefundisha shule gani. Ni swali la haki na ninalijibu bila kusita: nilisomea biolojia chuo kikuu, nikapata mafunzo ya ualimu baadaye, nikafundisha shule ya upili huko Kisauni, Mombasa, kisha nikaliacha darasa la wanafunzi hamsini ili nifundishe mmoja mmoja au wawili wawili majumbani, kuanzia Tudor hadi ng'ambo ya Likoni. Hata hivyo, jibu hilo likiishia hapo huwa halijaeleza jambo lenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya ninachokifanya ninapoketi na mwanafunzi sikuipata katika mafunzo ya ualimu. Niliipata katika mikoko ya Mikindani, katika fuo ambako kasa hutaga, na katika ardhi ya Bamburi iliyokuwa machimbo ya mawe, nilipokuwa nikifanya kazi za uhifadhi kabla sijashika chaki.

Kazi hizo zilinizoesha swali moja, nalo ndilo ninaloanzia kila kipindi: unajuaje? Ukisema msitu huu unapungua, unajuaje? Ukisema samaki wamerudi, umehesabu wapi, lini, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa? Katika uhifadhi, mtu asiyeweza kujibu maswali hayo hana la kusema mbele ya wavuvi, wala mbele ya ofisi yoyote inayotoa kibali. Katika masomo, kwa bahati mbaya, mwanafunzi anaweza kufika kidato cha nne akiwa na daftari zilizojaa majibu sahihi bila kuulizwa hata siku moja majibu hayo yalipatikanaje.

Nilianza kwa kujitolea pamoja na kikundi cha watu wa mtaa waliokuwa wakipanda mikoko upya kwenye hori ya Tudor. Mikoko ya hapo ipo jirani na mji, na mji umeitesa: imekatwa kwa kuni na kwa ujenzi, imepokea majitaka, na mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika hori ya jirani ya Makupa na kuua miti mingi. Kenya ina karibu hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu yake iko Lamu, kwa hiyo kilichobaki Mombasa ni kidogo na kila kipande chake kina maana kwa kamba, kaa na samaki wachanga wanaokulia humo.

Mwalimu wangu wa kwanza katika mikoko alikuwa mzee aliyekuwa amekata miti hiyo tangu ujana wake, enzi ambazo mtu aliishi kwa kuuza fito, pau, mazio na boriti, kila daraja kwa unene wake. Siku niliyompa shikamoo na kumwomba anionyeshe miti, aliitikia marahaba, akanitazama mkononi nilikobeba kitabu cha utambuzi, akaniambia nikifunge kwanza.

"Tazama ulipo wewe na yalipo maji, mwanangu," alisema. "Mlilana ndio unaosimama mbele, bahari ikija huupiga huo kwanza. Mkoko unafuata nyuma yake. Mkandaa hautaki kuogeshwa kila siku. Na mchu hauna pake pamoja, utaukuta mbele na utaukuta huku nyuma kabisa kwenye chumvi kavu."

Niliuliza alijuaje. Akaniambia kwamba mkata boriti asiyejua mti upi uko wapi atakwama kwenye tope na maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita siku zote, yatamkuta humo humo. Maneno yake yalikuwa sawasawa na ramani za wataalamu wa ikolojia, kwa sababu ile ile: kila mti una kiasi chake cha maji ya chumvi na muda wake wa kukaa majini unaoweza kuuvumilia, na mwinuko wa ardhi kutoka baharini ndio unaopanga nani akae wapi. Mzee yule hakuwa na shahada, lakini alikuwa na ushahidi wa miaka mingi, na hakunipa hata neno moja ambalo nisingeweza kulihakikisha kwa kutembea.

Ndiyo sababu hukerwa sana na upandaji wa mikoko unaofanywa kwa ajili ya picha. Nimeshuhudia shughuli ambazo watu waliletwa kwa mabasi, wakavishwa fulana, wakasimika mbegu za mkoko kwenye tope la mbele kabisa, mahali pa mlilana, kwa kuwa mbegu ya mkoko ni ndefu, hupatikana kwa urahisi na hata mtoto anaweza kuichomeka. Mkoko huachia mbegu ambayo tayari imeota ingali mtini, na ikishakomaa shingo yake hubadilika kuwa ya manjano. Ni kiumbe cha ajabu, lakini hakikuumbwa kwa ajili ya mstari wa mbele, na mawimbi ya msimu wa kusi huiondoa. Aliyepanda hesabu yake ni idadi ya mbegu zilizochomekwa siku ile. Mhifadhi anapaswa kuhesabu zilizo hai baada ya mwaka.

Kisha nilifundishwa kupima. Kanuni ya kawaida ya kupima unene wa mti ni kuzungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mchu kanuni hiyo haina taabu. Kwa mkoko mkubwa, ukifika urefu huo mara nyingi hulikuti shina kabisa, bali fungu la mizizi inayotoka ubavuni na kuteremka hadi topeni, na ukizungusha utepe hapo utakuwa umepima kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Unapanda juu ya mizizi yenyewe, matope yamekufika magotini, mwenzako ameshika daftari ndani ya mfuko wa nailoni, unamsomea tarakimu naye anairudia kwa sauti kabla ya kuiandika. Nilidhani urudiaji ule ni adabu ya kazi tu, hadi nilipoelewa tarakimu zile zinakwenda wapi. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, jamii imekuwa ikilinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, ikiuza kaboni iliyohifadhiwa na miti hiyo kwa wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa, na fedha zake zimetumika kwa maji ya kijiji na kwa vitabu vya shule. Kiasi cha kaboni hakionekani kwa macho. Hukadiriwa kutokana na unene wa mashina, kwa hiyo kitabu alichokishika mtoto wa Gazi kinategemea kwamba kuna mtu alizungusha utepe mahali panapofaa. Huwaeleza wanafunzi wangu habari hii kabla hatujagusa kwadrati, ile fremu ya mraba ya kuhesabia viumbe, kwani nikiianza mada ya kukadiria idadi ya viumbe kwa mchoro wa mraba ubaoni, wanaiona kama adhabu.

Mzee yule aliniuliza swali jingine ambalo sikuwa na jibu lake siku ile. "Mkitukataza boriti, watu wajengee nini?" Bandu bandu humaliza gogo, na yeye mwenyewe alikuwa ameona hori ikibaki wazi, hakuwa akitetea ukataji. Alikuwa akisema kwamba haja ya nguzo haiondoki kwa tangazo. Sehemu kubwa ya jibu imekuja polepole kutoka mashambani mwa Kwale na Kilifi, ambako wakulima wanapanda mvinje na kuuza nguzo zake, na leo ukipita penye jengo linaloinuka Pwani utaona mvinje umeshikilia zege mahali ambapo zamani ungeona boriti.

Mvinje huo huo ndio ulionifundisha sura nzima ya ikolojia pale Bamburi. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe ya kale hadi kubaki uwanda mweupe usio na udongo, wenye joto kali na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, alianza kujaribu kuuotesha miti. Alipanda aina 26, zikaishi tatu, mvinje ukiwa mmojawapo. Uliweza kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, hivyo haukuhitaji udongo wenye rutuba uwepo kabla yake. Lakini majani yake membamba yaliyoanguka hayakuoza. Yana tanini nyingi, na vijidudu vya kuozesha havikuyaweza, kwa hiyo yakalundikana na udongo haukupatikana. Kilichofungua njia ni jongoo wenye miguu myekundu, walioonekana wakiyala. Wakakusanywa kwa wingi na kuachiliwa chini ya mivinje. Jongoo walitafuna, bakteria wakamalizia kinyesi chao, udongo ukaanza kujijenga, na baada ya udongo ikaja miti mingine, ndege na wanyama.

Watoto wa Mombasa wanaijua Haller Park kwa twiga na viboko, na hasa kwa kisa cha Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akajishikiza kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee. Kisa hicho ni kizuri na siwanyimi. Lakini ninapowapeleka wanafunzi pale, huwaomba waanze kwa kuchuchumaa chini ya mvinje, wafukue majani kwa kijiti, wanionyeshe tabaka la juu ambalo bado ni majani, la kati lililovunjikavunjika, na la chini lililo jeusi lenye unyevu. Wakishayaona matabaka matatu kwa macho yao, swali la mzunguko wa nitrojeni haliwasumbui tena. Niliwahi kumwuliza kijana wa kidato cha tatu ni kiumbe gani angekiondoa ili bustani yote ile isimame. Wenzake walitaja miti mikubwa. Yeye alikuwa ameshika jongoo kiganjani na hakujibu kwa maneno, alimwinua tu tumwone.

Kwa upande wa kasa nilifanya kazi muda mfupi zaidi, usiku mwingi zaidi. Kiota kikiwa chini ya mstari wa maji makuu, mayai huhamishwa, na kuna sharti ambalo halina msamaha: upande uliokuwa juu ubaki juu. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ukuta wa ndani wa ganda, na yai likigeuzwa baada ya hapo linaweza kufa. Kwa mkono, katika giza, ukiwa na mayai zaidi ya mia moja, unajifunza uangalifu ambao hakuna maabara ya shule iliyonipa.

Jambo la kasa ninalolitumia zaidi katika kufundisha ni jinsia yao. Mwanafunzi wa kidato cha nne amekariri kwamba jinsia huamuliwa na kromosomu za X na Y, na kwa binadamu hilo ni kweli. Mayai ya kasa hukaa mchangani takribani miezi miwili, na jinsia huamuliwa na joto la mchanga huo: karibu na nyuzi 29 hupatikana mchanganyiko, juu ya hapo majike huongezeka, chini ya hapo madume. Nikilieleza hili hunyamaza kidogo, kwa maana najua swali linalofuata, na karibu kila mara hulipata. "Sasa, mwalimu, dunia ikizidi joto, madume watatoka wapi?" Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kuhusu kasa wa kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, yakionyesha kwamba zaidi ya asilimia 99 ya wachanga waliopimwa walikuwa majike. Mtoto aliyelifikia swali hilo mwenyewe, kisha akapewa tarakimu hiyo, huibeba kwa uzito wake.

Niliingia ualimu wa darasani nikiwa na imani kwamba nitafundisha hivi kila siku. Darasa la hamsini na vipindi vya dakika arobaini havikuruhusu mengi, na walimu wenzangu walikuwa wakifanya juhudi kubwa katika hali hiyo. Kilichonisikitisha ni namna karatasi ya tatu ya biolojia ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili nchini Kenya, ile ya vitendo yenye alama 40, ilivyokuwa ikiandaliwa kwa kukariri: wanafunzi wanapewa orodha ya vitendanishi, rangi zinazotarajiwa na sentensi za kujibia, nao wanaweza kuandika kwamba rangi imegeuka zambarau hali ndani ya neli yao ya majaribio bado ni buluu. Mwanafunzi wa namna hiyo amefundishwa kutoyaamini macho yake. Kwa mtu aliyetoka katika uhifadhi hakuna hasara kubwa kuliko hiyo.

Katika tuisheni ninao muda. Mtihani ni wa Kiingereza na majibu yataandikwa kwa Kiingereza, lakini mezani tunafikiri kwa Kiswahili hadi jambo lieleweke, ndipo tunalivalisha maneno ya mtihani. Tukifanya osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea penye vitu vilivyoyeyuka kwa wingi zaidi, tunakata vipande vya kiazi, tunavipima kwa rula, tunaviweka vingine katika maji matupu na vingine katika maji ya chumvi, na baada ya muda kipande cha kwenye chumvi kinalegea na kufupika. Hapo huwapa jani la mchu nililolichuma asubuhi, lenye chembe nyeupe juu yake, nikawaambia waguse kwa ulimi. Ni chumvi. Basi kiazi kimenyauka kwa chumvi na mchu unaishi ndani yake, kwa nini? Mwanafunzi atakayefikia mwenyewe kwamba seli za mchu lazima ziwe na vitu vilivyoyeyuka kwa wingi kuliko maji yanayouzunguka, na kwamba chumvi inayozidi hutolewa majanini, ameielewa osmosisi kwa pande zake mbili. Mkoko, kwa upande wake, huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, na jani lake halina chembe. Huwaletea yote mawili.

Mada ninayoipenda kuliko zote ni ya kukamata, kutia alama na kukamata tena. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tumekamata kaa 60, tumewatia alama ya rangi ya kucha mgongoni, tumewaachilia. Tumerudi tukakamata 50, na 12 kati yao wana alama. Sitini mara hamsini, gawanya kwa kumi na mbili: kaa 250. Wanafunzi wengi huipata kwa dakika moja na kupumzika. Hapo ndipo ninapouliza, unajuaje?

Kwanza hunijibu kwamba ndivyo kanuni inavyosema. Nawaambia tuchukulie kwamba, kati ya siku ya kwanza na ya pili, nusu ya kaa wenye alama wamejivua gamba. Gamba la zamani limebaki topeni na rangi yake; kaa yuko hai, laini, hana alama. Sasa katika wale 50 tutakuta wenye alama 6 tu. Piga hesabu tena: 500. Hakuna hata kaa mmoja aliyezaliwa, lakini daftari letu linasema wameongezeka maradufu. Na kama kuna mtu anayengoja tarakimu yetu ili aamue kaa wangapi wavuliwe na kupelekwa hotelini, tumemruhusu awamalize. Mwanafunzi mmoja, msichana wa Mikindani ambaye shuleni aliambiwa biolojia haimfai, aliendelea bila kuombwa: je, kama wale tuliowakamata mara ya kwanza waliogopa, wakawa hawatoki tena mashimoni? Je, kama siku ya pili ilikuwa ya maji mafu na ya kwanza ya bamvua, si tutakuwa tumetafuta mahali pasipo sawa? Aliandika masharti yote ya mbinu ile, yale ambayo kitabu huyaorodhesha na wengi huyasahau, na aliyafikia kwa kumfikiria kaa. Katika karatasi ya mtihani, swali la kutaja masharti hayo ni la alama chache tu. Ninaamini kwa dhati kwamba msichana yule alipata kitu kikubwa kuliko alama zake, na alama nazo alizipata.

Wazazi wengine hunitaka nikae kwenye karatasi za mitihani ya nyuma tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi hizo tunazipitia, kwani mtoto anapaswa kuujua mtihani anaokwenda kuufanya, na sitamfundisha mtu kwa namna itakayomharibia nafasi yake ya chuo. Lakini nakataa kuanzia hapo. Mwaka jana mama mmoja wa Tudor, mwenye heshima zake, alinisikiliza nikieleza kwamba Jumamosi ningependa kumpeleka mwanawe mikokoni maji yakikupwa, akaniuliza moja kwa moja.

"Mwalimu, hiyo safari inatoka kwenye mtihani?"

Nilifungua mtaala, nikamwonyesha ikolojia ya kidato cha tatu: mbinu za kukadiria idadi ya viumbe, na jinsi mimea ya mahali penye chumvi ilivyojirekebisha kuishi humo. Nikamwonyesha pia kidato cha pili, upitishaji wa hewa, pale inapotajwa mizizi ya kupumulia. Alisoma kila mstari kwa kidole, mara mbili, kisha akafunga kitabu na kuniuliza mtoto avae viatu gani. Nilimwambia vya kufunga kwa kamba, vikuukuu, kwa maana tope la mikokoni huvua ndara.